BE2 Si Namba Mbili: Habari za Darasani Anazisoma Nani?

Jirani yangu hapa Mtopanga, Mombasa, hukaanga viazi karai na mahamri kuanzia alasiri hadi saa mbili usiku. Muhula uliopita simu yake ililia wakati mikono imejaa unga na bizari, akamwita mwanawe wa Gredi ya 8: "Hebu nisomea huo ujumbe wa mwalimu." Kijana akaishika simu, akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Hisabati nimepata BE2, mama. Niko namba mbili." Mama akamwongeza hamri moja.

Kwa asiyejua: matokeo ya sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi ya 9), ambayo wengi wetu bado twaiita JSS, yana viwango vinane. Cha juu kabisa ni EE1, yaani mwanafunzi amezidi matarajio. Kisha huja EE2, ME1, ME2, AE1, AE2, BE1, na chini ya vyote hivyo, BE2. Kijana hakubadilisha herufi hata moja. Alitafsiri tu, na akatafsiri kwa faida yake.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu mvutano unaozuka karibu kila mkutano wa wazazi naona umeshikwa pasipo. Wako wanaotaka shule itume habari kila siku: kilichofunzwa, kazi ya kufanyia nyumbani, aliyekosa kuja, picha za michezo na za shamba la mboga. Wako wanaosema imetosha, simu hazinyamazi hadi usiku, walimu hawapumziki, na mtoto wa miaka 13 anafuatwafuatwa kama wa chekechea. Kambi zote mbili zinahesabu idadi ya ujumbe. Hakuna anayeuliza ukishafika unasomwa na nani.

Wanaotaka habari nyingi wana hoja nzito, na sitaki kuipuuza. Mzazi wa leo alisoma mfumo wa zamani wa 8-4-4. Anaijua KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, alama kati ya 500, na ukimwambia mtoto ana 310 anaelewa papo hapo alipo. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Januari mwaka huohuo ndipo Gredi ya 7 ya kwanza ilipoanza, ikawekwa ndani ya shule za msingi, na wazazi wakaanza kujifunza pamoja na watoto. Masomo yenyewe yalikuwa 14, hadi jopo la Profesa Raphael Munavu lilipopendekeza yapunguzwe, yakawa 9. Mzazi aliyefumba macho mwaka mmoja alipofumbua alikuta mtoto ana vitabu vingine.

Na hesabu ya mwisho haisubiri Gredi ya 9. Katika alama za kumpeleka mtoto sekondari ya juu, mtihani wa KJSEA wa Gredi ya 9, uliofanywa mara ya kwanza mwaka wa 2025, unabeba asilimia 60. Asilimia 20 hutoka kwenye KPSEA, tathmini ya Gredi ya 6, na 20 nyingine ni tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Kwa maneno mengine, ile kazi ya mradi ambayo mtoto aliiacha chini ya kitanda akiwa Gredi ya 7 inamfuata hadi kwenye njia atakayopewa: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Zamani ulikuwa na nafasi ya kumwamsha mtoto Darasa la Nane akakazana miezi sita. Nafasi hiyo haipo tena kwa ukubwa ule. Kwa hiyo anayetaka kujua mapema hana kihoro cha bure.

Tena kuna Mombasa yenyewe. Baba yuko zamu ya usiku bandarini, au mama yuko hotelini Shanzu tangu alfajiri, na mtoto anatoka nyumbani na sare yake safi kuelekea shule. Kufika ni jambo jingine. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipopiga marufuku muguka, majani ya kutafuna yanayolevya, katika kaunti hii, na mahakama ikasimamisha amri hiyo, watu walibishana sana kuhusu biashara na mamlaka. Lakini wazazi wa vijana wa miaka 13 na 14 walikuwa wakifikiria kitu kidogo zaidi: kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa alasiri, mwanangu yuko wapi? Ujumbe wa maneno matatu, "Leo hakuja shule," ukifika saa tatu asubuhi, una thamani kuliko picha mia za siku ya michezo. Ajabu ni kwamba huo ndio ujumbe usiotumwa.

Sasa upande wa pili. Mwalimu wa darasa ana wanafunzi 60 hivi katika shule nyingi za umma za huku kwetu, na bando anajinunulia. Wengi wa walimu wa JSS waliingia kama wanagenzi kwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na mwaka wa 2024 wakagoma wakidai ajira ya kudumu. Ukimwambia mtu huyo apige picha, aandike muhtasari wa masomo, kisha ajibu mzazi mmoja mmoja saa nne usiku, unamwongezea kazi ambayo haiko kwenye mkataba wala kwenye mshahara. Ndipo zinapozaliwa zile jumbe za saa tatu usiku: "Kesho kila mwanafunzi aje na gundi, manila na chupa tatu za plastiki." Duka limefungwa, saiba imefungwa, na mtoto amelala. Wazazi humlaumu mwalimu kwamba hajali. Mimi nadhani amechoka.

Kuhusu picha, hapo sina huruma nyingi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data ya mtoto, na uso wake ni data. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Kundi la WhatsApp la wazazi 60 si baraza la siri. Picha ikishaingia humo, mjomba wa Malindi anayo kabla ya adhana ya magharibi. Na msichana wa Gredi ya 8 anayekimbia mbio za viunzi hakuulizwa kama anataka kuonekana hivyo na baba za wenzake. Wangu aliniambia waziwazi kwamba hataki. Nilimwona ana haki.

Hoja ya uhuru wa mtoto ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu ni ya kweli na ni ya kweli nusu. Mtaala wenyewe unahesabu kujifunza namna ya kujifunza kuwa mmoja wa umilisi saba wa kimsingi. Mtoto atajifunzaje kukumbuka kazi yake ikiwa mama anakumbushwa na simu kabla yake? Nimewaona wazazi wa Nyali wanaojua ratiba ya sayansi kuliko mwenye darasa. Mtoto wa namna hiyo akifika Gredi ya 10, bwenini, bila simu ya mama, atapotea. Lakini hoja hiyo inamfaa mtoto ambaye mzazi wake amekwisha kujua kila kitu na sasa anaombwa arudi nyuma hatua moja. Mama wa viazi karai hana hatua ya kurudi nyuma. Yeye bado hajafika. Kumwambia "mwache mtoto ajitegemee" ni kumwacha kijana awe mkalimani wa kesi yake mwenyewe, na tumeona anavyotafsiri.

Ndiyo maana nashikilia kwamba tatizo kubwa la habari za darasani katika mji huu ni lugha. Hapa Mombasa watu hununua samaki, huswali jirani na jirani, huoza na kuzika kwa Kiswahili. Likifika suala la mtoto, shule yaandika Kiingereza cha ofisini kilichojaa vifupisho, hata pale mwalimu na mzazi wote wawili wanaongea Kiswahili wakikutana getini. Huambiwa kwamba masomo hufundishwa kwa Kiingereza, basi na ripoti iwe hivyo. Sioni mantiki. Daktari naye alisoma kwa Kiingereza, ila hamwambii bibi wa Likoni ugonjwa wake kwa jina la kwenye kitabu, kisha amtegemee mjukuu amfafanulie.

Ningekuwa na kauli, ningefuta kelele za kila siku nibakishe ile taarifa ya asiyefika shule, itumwe asubuhi hiyohiyo kwa SMS ya kawaida, kwa kuwa simu ya mulika mwizi haina WhatsApp. Mengine yangoje Ijumaa: mistari mitano kwa Kiswahili, ikisema mtoto amekwama wapi na nini kinakuja. Hilo la kinachokuja si dogo. Wiki moja kabla ya safari au mashindano haitoshi katika mji ambao nusu ya darasa iko madrasa Jumamosi asubuhi. Ukiniambia wiki tatu mapema, nitazungumza na ustadhi. Mazoezi ya Tamasha za Muziki huanza mapema na tarehe zake shule inazijua. Sijui kwa nini mzazi azijue mwisho. Vifaa vya mradi vivyo hivyo: gundi haipandi bei ikitajwa Ijumaa badala ya Jumatano usiku.

Najua nitaambiwa hata mistari mitano kwa watoto 60 ni mistari 300, na mwalimu ni yuleyule aliyechoka. Kweli. Kwa wengi wao utatosha ujumbe mmoja wa darasa zima, na wale kumi waliokwama ndio waandikiwe au wapigiwe. Serikali hutenga takriban shilingi 15,000 kwa kila mwanafunzi wa JSS kwa mwaka. Pesa hizo huchelewa na zina kazi nyingi, lakini bodi ya shule ikikosa humo bando la mwalimu la kila wiki, basi na isiitishe habari.

Mwalimu wa yule kijana alikuja kusikia kisa cha namba mbili. Hakukasirika. Sasa kila Ijumaa humtumia mama sauti ya nusu dakika, kwa Kiswahili, na mama huibonyeza kwa kifundo cha kidole huku akigeuza mahamri. Wiki iliyopita tulikuwa wateja sita kwenye foleni wakati simu ilipotangaza kwamba sehemu desimali bado zinamsumbua, na kwamba daftari la Sayansi Jumuishi halijaonekana tangu Jumanne. Mzee mmoja akauliza hiyo Jumanne palikuwa na mpira? Kijana ameomba anunuliwe spika za masikio. Mama asema bado anafikiria.