Kupotea ndani ya gemu ya sauti sio uzembe wa masikio

Juzi nilibishana na jamaa mmoja ninayecheza naye gemu za sauti, zile zinazochezwa kwa kusikiliza tu bila kuangalia skrini. Yeye haoni tangu kuzaliwa, mimi macho yaliniishia nikiwa darasa la tatu. Nilikuwa nalalamika kuna gemu ya mahandaki imenishinda, nimezunguka chumba kimoja karibu nusu saa, nikienda mbele nasikia du du du ya ukuta, nikigeuka nikatembea tena du du du. Akanijibu, "Kaka, masikio yako hayajazoea, acha kudai gemu ikushike mkono." Wengi wanasema hivo, na nadhani hawajaelewa tunaomba nini tunapotaka gemu itusaidie kujua tumeelekea wapi.

Nianze na haki yake. Gemu ya kutafuta njia ukiitoa kutafuta inabaki nini? Zipo ambazo unabonyeza kitufe unageuzwa kuelekea mlango, unatembezwa hadi ufike, na ukimaliza hujui ulipita wapi. Na ramani uliyoijua kwa kuhangaika mwenyewe ni tamu kweli, unajua tu karakana iko upande gani kama unavyojua jiko la bibi yako liko wapi. Hapo sina ubishi.

Lakini angalia mtu asiyeona anatembeaje mtaani. Mimi nikishuka stendi kwenda nyumbani situmii masikio peke yake. Nyayo zinajua lami imeisha vumbi limeanza, fimbo inagonga ukingo wa mtaro, mashine ya kusaga inanguruma kulia, harufu ya vitumbua inaniambia kona imefika, na kama ni jioni jua linanichoma shavu la kushoto. Nikikata kona mwili wote unajua nimegeuka kiasi gani, maana ndani kabisa ya sikio kuna kiungo cha usawa ambacho kazi yake ni kupima huo mzunguko. Sasa kaa kwenye kiti, vaa hedifoni, bonyeza mshale wa kulia. Gemu inasema umegeuka ila mwili haujaenda popote, na hujui kama umegeuka nyuzi 30 au 90.

Halafu kuna hili ambalo nimeliwaza sana. Sauti ikitoka kulia inalifikia sikio la kulia kwanza, la kushoto baadaye kidogo, tofauti ikiwa kubwa sana ni kama milisekunde 0.7, na ubongo unaikamata. Ila sauti ikiwa mbele yako katikati kabisa, tofauti ni sifuri. Ikiwa nyuma yako katikati kabisa, sifuri vilevile. Yani mlango ulio mbele na adui aliye nyuma wanafika masikioni kwa muda uleule. Mtaani tunasaidiwa na umbo la sikio la nje, linaibadilisha kidogo sauti inayotoka nyuma, na zaidi tunasaidiwa na kichwa: ukikizungusha kidogo tu kwenda kulia, kilichokuwa mbele kinahamia kushoto na cha nyuma kinahamia kulia, umeshajua. Kwenye hedifoni za kawaida ukizungusha kichwa gemu nzima inazunguka na wewe, hakuna kilichobadilika. Na zile programu za kuiga sauti ya pande zote, nyingi zinatumia vipimo vya masikio ya jumla ambayo sio yako wala yangu. Mazoezi yanasaidia ndio, ila hayawezi kukupa taarifa ambayo haijapita kwenye waya.

Ushahidi wangu ni gemu za kupigana. Wasioona wanacheza Street Fighter na Mortal Kombat, wengine wanawatandika wanaoona kwenye mashindano, na Street Fighter 6 ya 2023 imeongezewa sauti za kukujulisha mpinzani yuko umbali gani. Masikio ni yaleyale, kwa nini pale hatupotei? Kwa sababu pambano lenyewe liko kwenye mstari mmoja wa kushoto na kulia, hakuna mbele na nyuma ya kuchanganya. Na gemu ya sauti ya Papa Sangre II ya 2013 kwenye iPhone ilitumia kihisio cha mzunguko cha simu, unageuka wewe mwenyewe na simu mkononi na sauti zinageuka. Pale mwili ulirudishiwa kazi yake, tatizo huwezi kuzungukazunguka hivo ukiwa umekaa na laptopu au uko ndani ya daladala.

Gemu ya The Last of Us Part II ya 2020, ambayo Brandon Cole, mchezaji asiyeona aliyefariki 2024, alikuwa mmoja wa washauri wake, ina kitufe cha kukugeuza kuelekea njia ya hadithi. Yule jamaa anasema hiyo ni kuburutwa, na kiasi fulani yuko sahihi. Ila watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 2021 walitoa kitu kinaitwa NavStick: unasukuma kijiti cha rimoti ya kuchezea gemu upande unaotaka, unaambiwa kuna nini huko, basi, kwenda au kutokwenda ni juu yako. Hiyo kwangu ni fimbo nyeupe kabisa. Fimbo haikupeleki nyumbani, inakuambia tu hapa pana mtaro.

Nikamuuliza sasa wewe yale mahandaki unapitaje. Anahesabu hatua, anafuata ukuta wa kushoto, na ana karatasi ya nukta nundu kaandika kila chumba kina milango mingapi. Kumbe naye ana msaada, kajitengenezea mwenyewe kwa miezi! Anayefungua gemu leo kwa mara ya kwanza hana hiyo karatasi. Tunachoomba ni kitufe cha dira, kugeuka kwa nyuzi 45 zinazojulikana, na uwezo wa kuacha alama ya sauti pale ulipopita, na vyote viwe vya kuwasha na kuzima, asiyetaka azime.

Ile gemu haina hata kimoja. Na kile chumba, jamaa alinisomea kwenye karatasi yake, kina mlango mmoja tu, uko nyuma yako pale unapoanzia.