Mpira wa Rejeta Haupigwi Picha

Wenye magari tuna vituko jamani! Rimu tunazisugua kwa mswaki, siti tumezivisha ngozi, spika za nyuma zinatetemesha Sinza nzima. Haya, fungua boneti: mpira wa rejeta, ule unaopitisha maji ya kupoza injini, umezungushiwa tyubu ya baiskeli mara saba, utadhani mguu umevunjika. Ukiuliza, "Fundi kasema utasogeza siku." Utasogeza mpaka Kitonga, kwenye mlima, na lori nyuma linapiga honi.

Na wala mpira wenyewe hauna makuu. Asubuhi injini ikiwa baridi, uminye karibu na klipu, ile pete ya chuma inayoubana, kisha katikati. Kama huku mwishoni unabonyea kama embe bovu na katikati mgumu, umeshaliwa kwa ndani. Nje unang'aa, mnafiki mkubwa! Ukitoa mlio wa kupasuka ukiuminya, joto limeukausha. Ukivimba na kuteleza, kuna oili inaudondokea. Tafuta inakotoka kwanza, maana mpya nao utaoza. Ule wa chini ukinywea injini ikipoa, usiusingizie: angalia vali ya kifuniko cha rejeta, huenda imekwama, kulanti, yaani dawa ya kupoza injini, hairudi kutoka kwenye kopo lake.

Kuutoa sasa! Mtu anachokonoa kwa bisibisi hadi shingo ya plastiki ya rejeta, pale mpira unapovishwa, inapasuka, kazi ya mpira inageuka ya rejeta. Uchane kwa wembe kwa urefu, taratibu, utatoka wenyewe. Mpya ulainishe kwa kulanti, siyo grisi. Klipu ikae nyuma ya ukingo wa shingo, milimita 3 hadi 6 kutoka mwisho wa mpira. Na usiikaze kama unafunga gunia la mkaa, chuma kitaukata.

Halafu tunajaza maji ya kisima, chumvi tupu, yanabaki kutiwa mchicha tu! Ni nusu kulanti, nusu maji yasiyo na madini. Injini ikiwa bado baridi acha kifuniko wazi, washa gari na hita mapovu yatoke. Ndiyo, hita, Dar es Salaam, mwezi wa pili; shuka ukae nje. Feni ikishawaka na kuzima mara mbili, zima injini. Ikipoa kabisa, ongeza, funga, pitia klipu tena.

Kulanti kuukuu usimwage mtaroni. Ni sumu yenye ladha tamu, mbuzi wa jirani hasomi lebo, na jirani mwenyewe hajawahi kukusikiliza.