Mjomba na Baruti ya Polepole

Mjomba wangu aliendesha malori Houston mpaka mgongo ukagoma. Alipostaafu, badala ya kucheza bao kama wazee wenzake walioko Tanga, akajitia kwenye kujaza risasi. Texas wala si jambo la kushangaza: unasafisha maganda yaliyokwisha kupigwa, unatia fataki mpya ya kuwashia, baruti, kichwa cha risasi, unabana. Mkaza mjomba alivumilia hadi siku mizani yake ya kupimia zafarani ilipohamia gereji.

Jumamosi moja akanichukua tukanunue baruti. Mimi nilidhani baruti ni baruti. Kumbe kuna rafu nzima ya makopo, na mzee mzima anasimama mbele yake kama anachagua mchumba.

"Sikiliza, mpwa wangu. Risasi nyepesi, baruti ya haraka. Hizi nzito za magnamu, yaani zenye nguvu zaidi, zinataka ya polepole, izisukume njia nzima ya mtutu. Ukizitia ya haraka, nguvu yote inakuja kwa mpigo mmoja, na bastola inakupasukia mkononi."

Hapo hakuna wa kumnyamazisha. Akanieleza kuwa risasi ya bastola ya .357 Magnum ilitoka mwaka 1935, na .44 Magnum ikafuata miaka ya 1950 baada ya Elmer Keith, mchunga ng'ombe wa Idaho aliyegeuka mwandishi, kushindilia baruti iitwayo 2400 kwenye maganda ya zamani miaka na miaka na kuwasumbua wenye viwanda. Nikauliza, na ya bunduki je? Akanitazama kwa huruma. Ganda la risasi ya bunduki kama .300 Winchester Magnum ni kubwa, linataka ya polepole kuliko hizo zote, kama H1000, yenye punje ndefu. Ya bastola humo usiitie hata kwa kuota.

Kwa bastola yake ya .44 akachukua H110, vitufe vidogo mno vinavyopenya kila upenyo. Hii, akasema, ina kiburi: haitaki kupunguzwa. Kiwanda chenyewe kinaonya usishuke zaidi ya asilimia 3 chini ya kipimo chao, la sivyo huenda isiwake vizuri na kichwa cha risasi kikalala ndani ya mtutu. Ndiyo maana usiku ule alipima kila ganda kama muuza dhahabu, miwani puani, hataki nipumue karibu na mizani. Baruti ilikuwa sawasawa kabisa. Sehemu ya mwisho tu ndiyo aliyoifanya kwa mkono mwepesi: maganda yalikuwa mapya, yanang'aa, naye akaibana midomo ya maganda hayo, inayokishika kichwa cha risasi, kwa huruma.

Asubuhi tukaenda kulenga shabaha, kwenye banda la ndani. Bastola yenyewe nyepesi, mtutu mfupi. Mjomba akasimama, akavuta pumzi, akafyatua.

Sijui niseme nini. Mtutu mfupi hauipi baruti ya polepole nafasi ya kumaliza kazi, kwa hiyo iliyobaki ikaamua kuungulia nje. Banda zima likawa jekundu. Bwana wa upande wa pili alijikuta amechuchumaa, soda yake imemwagikia viatu. Mjomba akanigeukia, anatabasamu, masharubu yananuka.

"Umeona? Polepole."

Akapiga ya pili, ya tatu. Ya nne ikakataa. Akavuta nyundo, haiendi. Akajaribu kufungua silinda, lile gurudumu linalobeba risasi, haifunguki. Bastola inaporuka nyuma, ganda huenda nayo, lakini kichwa kizito kinapenda kubaki kilipo. Lile ganda lililobanwa kwa huruma likamwachia mwenzake, naye akatambaa nje kidogo kidogo hadi akachungulia mbele ya silinda na kuizuia isizunguke.

Msimamizi, mzee mwenye ndevu nyeupe, akasimamisha watu wote na kuwatoa nje. Bastola ikawekwa mezani, mdomo ukitazama shabaha, naye akaanza kukirudisha kile kichwa taratibu kwa kijiti cha mbao.

"Baruti gani hii?"

"H110," Mjomba akajibu, kifua mbele.

Mzee akatikisa kichwa. "Mimi natumia 296. Hiyo yako ina fujo."

Mjomba hakukubali. 296 inaacha uchafu. Mzee akasema uchafu ni wa H110, 296 ni safi. Kijiti kikasimama hewani. Kupitia kioo niliona watu wamejipanga juani, bwana wa soda yuko mbele.

Nikatoa simu, nikatafuta, nikawasomea: H110 na 296 ni baruti ile ile, inatoka kiwanda kimoja cha Florida, tofauti ni karatasi ya kopo.

Wote wawili wakanigeukia.

"Huyu kijana anajaza risasi?" mzee akauliza.

"Hapana," akasema Mjomba. "Anasomea kompyuta."

"Aaa," akasema mzee, na wakaendelea.