CBG ya Leicester na CBG ya Dodoma

Wiki iliyopita nilimsindikiza binti yangu kwenye jioni ya kuonyeshwa masomo katika koleji moja hapa Leicester. Mwakani anamaliza GCSE, mitihani ya sekondari ya huku, kwa hiyo ni wakati wa kuchagua masomo matatu ya A-level, yaani kidato cha tano na sita chao. Ukumbini kila somo lilikuwa na meza yake, mwalimu amekaa nyuma yake na wanafunzi wawili watatu wa somo hilo. Meza ya Kemia ilikuwa na karatasi moja tu ya kugawa. Upande wa kwanza kozi za chuo kikuu ambazo bila Kemia huzipati. Upande wa pili kozi ambazo Kemia inasaidia lakini si lazima.

Binti akasema anataka udaktari. Mwalimu akamuuliza mengine anayoyapenda, akajibu Biolojia na Jiografia. Mwalimu yule akachukua kalamu, akamwandikia nyuma ya ile karatasi vyuo vya udaktari ambavyo vitampokea na masomo hayo matatu, halafu chini yake vile ambavyo havitampokea. Akamwambia pia kuna UCAT, mtihani wa kuombea udaktari, na usaili, na kwamba maombi ya udaktari hufungwa mapema, katikati ya Oktoba, kabla ya kozi nyingine nyingi. Dakika kumi hazikufika. Tukahamia meza ya Jiografia.

Nilifurahi, halafu hasira ikanipanda palepale ukumbini. Kemia, Biolojia, Jiografia. Nyumbani Tanzania hiyo ndiyo CBG, moja ya kombi za masomo matatu za kidato cha tano na sita, na mtoto wa dada yangu kule Nkuhungu, Dodoma, alisoma CBG huku akiwa na ndoto ileile ya binti yangu. Tofauti ni kwamba yeye aliujua ukweli akiwa tayari yuko kidato cha sita.

Kidato cha nne alipata B ya Biolojia, C ya Kemia, C ya Jiografia na D ya Fizikia. Wakati wa kujaza Selform, fomu ya kuchagua kombi, mwalimu mmoja wa shuleni kwao aliwaambia darasa zima kwamba PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) na CBG "zote zinaenda hospitali", ila CBG ni nyepesi. Mtoto akaandika CBG chaguo la kwanza. Majina yakatoka, akapangiwa bweni mkoa wa mbali, dada akauza magunia ya alizeti akanunua godoro, tranka na sare, mtoto akapanda basi. Alipiga msuli kweli. Kisha mwaka wa mwisho rafiki yake mwenye simu akapakua mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kurasa mamia, wakaufungua usiku bwenini, wakafika kwenye udaktari. Fizikia, Kemia na Biolojia, zote tatu kwa ufaulu wa principal, yaani E au zaidi kidato cha sita. Akanitumia picha ya ukurasa huo saa tano usiku na maneno mawili: "Mjomba, soma."

Najua mnachotaka kuniambia. Mnataka kuniambia Waingereza wamelegeza, na sisi daktari wetu lazima aijue Fizikia. Sina ugomvi na hilo hata kidogo. TCU na vyuo wakidai Fizikia, waidai, mgonjwa wa hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma anastahili daktari aliyeiva. Ninachokitaka ni kwamba mtoto ajue sharti hilo wakati kalamu bado iko mkononi mwake. Angeambiwa kidato cha tatu kwamba D ya Fizikia itamfungia njia, angeitafutia twisheni. Au baada ya matokeo angeachana na kidato cha tano, akaomba stashahada ya utabibu ya miaka 3, akapanda kutoka hapo akiwa na GPA nzuri. Njia zilikuwepo. Hakuna aliyezitaja.

Na hili linaniuma zaidi kwa sababu ni Dodoma. Ingekuwa kijiji ambacho watu wake hawajawahi kukiona chuo kikuu kwa macho, ningenyamaza. Lakini huu ni mji wenye UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, pale Chimwaga tangu 2007, una chuo kikuu cha St. John's, una chuo cha Mipango, una chuo cha biashara CBE. Kutoka Nkuhungu ni daladala mbili tu mpaka UDOM. Mji umejaa wanafunzi wa mwaka wa kwanza ambao wametoka kupita kwenye msukosuko huohuo wa kombi na udahili, wanajua sharti kwa sharti, na wikiendi wanazunguka Nyerere Square. Mtoto wa kidato cha nne anapishana nao njiani kila siku na bado anajaza Selform kwa tetesi za bweni.

Hapo ndipo wenzangu wananiita mwenye maringo. "Umeenda Ulaya, sasa kila kitu cha nyumbani kibaya." Jamani, mimi kombi yangu niliisomea hukohuko Dodoma, na kila nilichokifanya huku Uingereza nimekifanya na elimu ile. Binti yangu akichagua masomo yake matatu, Hisabati anaweza kuiaga akiwa na miaka 16 na asiiguse tena maishani. Mtoto wetu wa CBG alisoma masomo matatu, na juu yake General Studies, na juu yake BAM, ile Hisabati ya lazima. Nimekaa na vijana wa hapa wenye A za Biolojia ambao grafu rahisi inawatoa jasho, na nikajivunia walimu wangu. Ada ya kidato cha tano na sita nyumbani imefutwa tangu 2022. Huku ada ya chuo kikuu pekee ilifika pauni 9,535 mwaka wa masomo 2025/26, na mtoto anaanza kazi akiwa na deni linalotisha. Shule za kulipia zinawaandaa wao kwa wao kwa usaili wa udaktari, wakati mtoto wa dereva wa basi anajitafutia. Sijasema huku ni peponi na sitasema.

Nasema karatasi moja.

Maana najua jibu linalofuata: hatuna fedha, madarasa yamejaa, mwalimu wa Fizikia ni mmoja shule nzima na ndiye huyohuyo wa Hisabati. Najua. Ndiyo maana siombi maabara wala sidai kila shule iajiri mshauri wa kazi. Ile karatasi ya Kemia haikuwa na rangi wala picha. Shule yoyote yenye mashine ya kurudufu mitihani inaweza kuitoa. Andika juu PCB, chini yake kozi inazofungua na kozi isizofungua. Andika CBG: kilimo, misitu, mazingira, ualimu wa sayansi, ndiyo, udaktari na uhandisi, hapana. Andika PCM na PGM, zenye Fizikia na Hisabati pamoja na Kemia au Jiografia. Andika EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), na umwambie mtoto wazi kwamba akikimbia Hisabati milango mingi ya uchumi na takwimu inasinyaa. Andika za sanaa, HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), HGL na HGK (Historia na Jiografia pamoja na Kiingereza au Kiswahili), na hapo nina jambo la kusema.

Maana tuna ugonjwa wa kuwadharau watoto wa sanaa. Mtoto akipangiwa HKL, jirani anampa mzazi pole. Matokeo yake mtoto mwenye kipaji cha lugha, ambaye angekuwa wakili au mkalimani wa kuaminika, anasukumwa kwenye PCB ili baba asiaibike kazini kwenye mji wa serikali Mtumba, anatoka na divisheni tatu na hajui aende wapi. Hapa Leicester nimemwona mwalimu wa Historia akimwambia mzazi, bila kuomba radhi, kwamba vyuo vya sheria havidai somo maalumu, vinadai mtoto anayeweza kusoma kurasa nyingi na kuandika hoja. Mzazi akaitikia kwa kichwa akaandika. Kwetu mwalimu wa Historia mwenyewe anaomba msamaha kwa somo lake!

Kuna watakaosema mambo yamebadilika, tahasusi, yaani kombi, zimeongezwa. Kweli, 2024 zilitangazwa kuongezwa kutoka 16 hadi 65, zikaingia za michezo, za sanaa, za lugha za kigeni, na mwanafunzi anapewa nafasi ya kubadilisha machaguo yake mtandaoni baada ya matokeo. Nililipokea kwa furaha na bado nalifurahia. Lakini fikirieni na ninyi. Aliyekuwa anapotea kati ya 16 bila wa kumwelekeza, atafanyaje mbele ya 65? Kadiri machaguo yanavyoongezeka ndivyo maelezo yanavyohitajika zaidi. Na ile nafasi ya kubadilisha ina faida kwa mtoto anayejua anabadilisha kwenda wapi na kwa nini. Asiyejua anabofya kile alichobofya rafiki yake, ili wapangwe shule moja.

"Basi njoo wewe ufanye." Hili nimeshaambiwa na shemeji, mbele ya watu. Nimelifanyia kazi. Nimeongea na kijana wa mtaani kwetu aliyeko mwaka wa pili UDOM, na mwalimu wa taaluma wa shule moja ya kata amekubali kumpa yeye na wenzake watatu kipindi cha Ijumaa mchana, kidato cha tatu na cha nne pamoja. Watasimama mbele wasome masharti ya kozi walizomo, wajibu maswali. Nauli ya daladala nitatuma mimi. Kama kuna anayeishi Dodoma na anasoma St. John's au Mipango, anitafute, hasa wa uhasibu na wa mipango miji, maana hao hatujawapata.

Na mpwa wangu, kwa wanaouliza, yuko chuoni anasoma sayansi ya mazingira na anafanya vizuri. Ameniomba nisimwandike kama mtu wa kuhurumiwa, na ana haki. Mdogo wake ndiye yuko kidato cha tatu sasa hivi. Anataka uhandisi wa umeme. Dada alinipigia Jumapili, tukamweka mtoto kwenye simu, nikamwambia uhandisi ni Fizikia na Advance, yaani Hisabati ya juu, kwa hiyo ni kombi yenye yote mawili, kama PCM au PGM, hakuna ujanja wa kupitia kombi isiyo nayo. Hisabati yake muhula uliopita ilikuwa D. Tumekubaliana twisheni inaanza mwezi ujao, jioni tatu kwa wiki, na mazoezi anayoyafanya atakuwa ananipigia picha kila Jumamosi.