CEA ikipanda kutoka 3 hadi 7

Mjomba wangu wa Sikonge ana karatasi tatu za maabara, kazitia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya bima. Alikatwa kipande cha utumbo mpana chenye saratani. Kabla ya upasuaji CEA yake, kipimo cha damu, ilikuwa 18. Wiki sita baadaye ikashuka hadi 3. Sasa ni 7, na nyumbani hakulaliki.

CEA ni protini iliyogunduliwa mwaka 1965 na Phil Gold na Samuel Freedman, kule Montreal, Kanada. Kwa kawaida damu ya mtu mzima mwenye afya huwa na chini ya nanogramu 5 kwa mililita. Saratani nyingi za utumbo mpana huimwaga kwa wingi, na si alama tu ya ugonjwa. Utafiti wa maabara unaonyesha kuwa inazisaidia seli za saratani kushikamana, na kwenye ini huchochea kemikali zinazozirahisishia kuweka makazi. Anayeingia upasuaji ikiwa juu, kwa jumla, yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya ugonjwa kurudi.

Mwana mkubwa wa mjomba anasema ni sigara tu. Hoja hiyo siidharau: uvutaji hupandisha CEA, magonjwa ya ini pia, na hapa Tabora tumbaku tunaishi nayo. Tena zipo saratani zisizoitoa kabisa. Kwa hiyo kumpima mtu asiye na dalili ili kusaka saratani ni kumtia hofu bure, au kumpa matumaini ya uongo.

Lakini mjomba alikuwa akivuta vilevile siku aliyopata 3. Sigara haikuongezeka, namba imeongezeka. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito, na bila zile karatasi za awali tusingekuwa na cha kulinganisha.

Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2014, wenye wagonjwa 1,202, ulionyesha kuwa kufuatilia kwa CEA au kwa CT skani kuliwapa wengi zaidi nafasi ya upasuaji wa kuponya ugonjwa uliporudi. Idadi ya vifo, hata hivyo, haikupungua kwa kiwango cha kuthibitika. Wanaokipinga kipimo hiki hushika hilo, na wana haki. Namba haitibu mtu. Ila kwa sisi tulio mbali na hospitali ya Bugando kule Mwanza, damu inayotolewa karibu inaweza kutuambia nani asafiri kwanza.

Jumatatu anarudia kipimo. Nauli ya Mwanza tumeshaichanga, imo kwenye mfuko uleule.