Jina la Yesu katika Kikao cha Waraibu

Kikundi cha Kikristo kinachowasaidia watu kuacha pombe au unga hukutana mapema na swali lisilokwepeka: ikiwa mlango wake uko wazi kwa kila mtu, Ukristo wake ukae wapi? Wapo wanaotaka jina la Yesu litajwe tangu dakika ya kwanza, kwa sababu kwao ndiye anayeponya. Wapo wanaotaka lisubiri, kwa kuwa mtu aliye katika arosto hana nguvu za kujadili imani. Pande zote mbili zinasema jambo la kweli, na historia inaonyesha kwamba mvutano huu ni wa zamani, tena ulianza hata baina ya Wakristo wenyewe.

Mwaka 1935, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio nchini Marekani, Bill Wilson na daktari Bob Smith walianzisha umoja wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe, uliokuja kuitwa Alcoholics Anonymous. Wote wawili walikuwa wamepitia Oxford Group, vuguvugu la kuungama na kujisalimisha kwa Mungu lililoongozwa na mchungaji wa Kilutheri, Frank Buchman. Huko Akron walevi walipiga magoti pamoja na kusoma Waraka wa Yakobo na Hotuba ya Mlimani. Mtindo huo uliwabana wasioamini, lakini uliwabana pia Wakatoliki waliosafiri kutoka Cleveland, ambao Kanisa lao halikuwaruhusu kushiriki ibada na maungamo ya namna ile. Mwaka 1939 watu wa Cleveland walijitenga na kuanza kukutana peke yao. Mwaka huohuo kitabu cha umoja huo kilitoka kikieleza hatua 12 za kupona na kumtaja Mungu “kwa jinsi tulivyomwelewa”, maneno yaliyowekwa ili mwenye mashaka naye apate pa kusimama.

Faida ya maneno hayo ni kubwa, na Mkristo hana sababu ya kuidharau. Zanzibar, ambako wakazi walio wengi ni Waislamu, nyumba za kupona zinatumia hatua zilezile 12, na kijana anayeacha unga hazipitii kwa kuiacha swala yake.

Hata hivyo yapo yaliyopotea. John Baker, aliyeacha pombe kwa msaada wa Alcoholics Anonymous, aliona kwamba kila mtu aliruhusiwa kuiita nguvu iliyo kuu, ile ambayo hatua hizo humtaka mraibu aitegemee, kwa jina alilopenda, lakini yeye alipomtaja Yesu hakupokewa vizuri. Mwaka 1991, katika kanisa la Saddleback huko California lililokuwa chini ya mchungaji Rick Warren, alianzisha Celebrate Recovery, yenye kanuni 8 zilizojengwa juu ya Heri za Mathayo sura ya 5, na inayotamka wazi kwamba nguvu hiyo ni Yesu Kristo pekee. Hoja yake inapata uzito kutoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ya shirikisho nchini Marekani iliamua kwamba mfungwa hawezi kulazimishwa kuhudhuria vikao vya Narcotics Anonymous, umoja wa waraibu wa dawa za kulevya unaofuata hatua kama hizo, kwa sababu hatua zake zinamtegemea Mungu na kwa hiyo ni za kidini. Dini ilikuwamo hata pale ambapo jina lake halikutajwa. Kwa sababu hiyo nakubaliana na wanaotaka uwazi: mgeni ana haki ya kujua anaingia nyumba ya nani, na kumficha jambo hilo hadi atakapozoea ni kumkosea heshima.

Kinachonitia wasiwasi ni namna watu wanavyojitambulisha. Katika Alcoholics Anonymous mtu hutaja jina lake na kusema kwamba ni mlevi. Katika Celebrate Recovery ni desturi kujitambulisha kwanza kama mwamini katika Yesu Kristo, kisha kutaja jambo unalopambana nalo. Ninaelewa uzuri wake: aliyeitwa teja kwa miaka mingi anapata jina jingine, na jina hilo linatangulia aibu yake. Lakini mfikirie yule aliyefika jana, ambaye haamini au hajui kama anaamini. Akisikia watu 20 wakiisema sentensi hiyo mfululizo, naye zamu imemfikia, ataisema. Kikao kinachosimama juu ya ukweli kitakuwa kimemfundisha uongo wake wa kwanza, naye ni mtu ambaye uraibu umekwisha kumfundisha kudanganya vya kutosha. Tena imani ikifungwa pamoja na kuacha kilevi, siku atakapoanguka ataona amemkana Kristo, na badala ya kurudi kikaoni atajificha.

Kwa hiyo naona Ukristo wa kikundi uwe juu ya mwenyeji. Wanaoongoza na kufundisha wakiri imani yao waziwazi, na sala ziombwe kwa jina la Yesu bila haya. Anayekuja aulizwe jambo moja tu, kama anataka kuacha, na zamu yake ikifika aseme lililo kweli kwake.

Pingamizi kali zaidi linahusu Mwislamu au asiye na dini aliyekaa miaka mitatu bila kugusa kilevi, akawa hodari wa kuwashika mkono wapya. Akinyimwa nafasi ya kufundisha, je, si amebaki mgeni wa kudumu? Sina jibu lisilomuumiza mtu. Kufundisha Neno kubaki kwa waamini, lakini kumpokea simu mwenzake usiku wa manane na kumsindikiza kliniki ni kazi anazoweza kukabidhiwa, na aambiwe mpaka huo siku ya kwanza, kabla hajaupenda umoja huo.

Luka, katika sura ya 17, anasimulia habari za wakoma kumi waliotakaswa. Aliyerudi kushukuru ni mmoja, naye alikuwa Msamaria. Yesu aliuliza wale tisa wako wapi, maana kurudi kwao hakukuwa jambo dogo machoni pake, lakini hatusomi kwamba ukoma wao uliwarudia.