Acheni Kumwaga Maji Kwenye Banda Lenye Unyevu

Joto likipanda tu, ushauri unaozunguka ni ule ule: mwaga maji bandani, kuku wapoe. Anayeutoa haulizi hewa ya banda hilo ina unyevu kiasi gani. Mfugaji anatii, analowesha maranda, anashusha mapazia "jua lisiingie", na jioni anaokota mizoga. Kisha analaumu kideri, ule ugonjwa wa kuku wa kuambukiza. Kideri gani hicho kinachoingia saa tisa alasiri na kuchagua kuku wanene peke yao?

Kuku hana tezi za jasho. Joto lake la kawaida ni kama nyuzi 41 za Selsiasi, na likikaribia 46 au 47 anakufa. Hiyo nafasi ya nyuzi tano hivi ndiyo akiba yake yote. Hali ya hewa ikiwa nzuri, joto humtoka kupitia upanga, ndevu, miguu na ngozi ya chini ya mabawa, ndiyo maana utamwona ameyatanua. Njia hiyo inahitaji hewa iliyo baridi kuliko yeye kwa kiasi kikubwa. Banda likifika nyuzi 27 hadi 30 inaanza kuelemewa, naye anafungua mdomo na kuhema. Maji yanageuka mvuke kwenye koo na njia za hewa, na kila gramu inayotoka inaondoka na kilojuli kama 2.4 za joto.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe. Kuhema kunasaidia pale tu hewa anayoivuta ina nafasi ya kupokea mvuke. Hewa ya nyuzi 35 yenye unyevu wa asilimia 25 ina gramu kama 10 za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 85 ina kama gramu 26. Kipimajoto kinakuambia ya pili ni nafuu, lakini kuku ndiye anayejua ukweli: anahema, mvuke hautoki vya kutosha, anaongeza kasi. Na kuhema ni kazi ya misuli, kwa hiyo kunazalisha joto jingine juu ya lile lililomshinda. Ukimwaga maji hapo unaijaza hewa mvuke zaidi na kumziba njia ya mwisho aliyobaki nayo. Maranda yakishalowa yataendelea kutoa mvuke usiku kucha, tena na amonia, gesi kali ya kinyesi, juu yake.

Kipima unyevu si anasa, na hesabu yake ni nyepesi. Zidisha nyuzi za Selsiasi kwa 1.8, ongeza 32, kisha jumlisha asilimia ya unyevu. Ikipita 160, kuku wameanza kuumia. Ikikaribia 170, jiandae kwa vifo, hasa kwa kuku wa nyama waliokaribia kuuzwa. Hiyo hewa ya nyuzi 30 inaleta 171. Ya nyuzi 35 inaleta 120. Ni makadirio, lakini yanashinda kutazama kipimajoto peke yake.

Haya, nakubali: penye hewa kavu, ukungu mwembamba wa maji unashusha joto vizuri sana, mradi upepo unapita na kuutoa nje mvuke. Unyevu ukipita asilimia 70 hivi, funga bomba. Ukitaka kumwaga maji, yamwage juu ya bati, kwa nje.

Kwenye unyevu, dawa ni mwendo wa hewa. Pandisha mapazia yote na uelekeze feni usawa wa kuku, kwa sababu upepo unaopita darini unawapoza buibui tu. Pita taratibu katikati yao wainuke, hewa iliyonaswa chini ya vifua itoke. Punguza idadi kwa kila mita ya mraba kabla msimu haujafika. Siku ya joto kali umeshachelewa.

Maji ya kunywa yawe baridi. Kwa kawaida kuku hunywa uzito wa maji mara mbili ya chakula, na kwenye joto kiasi hicho huweza kufika mara nne. Bomba linalopita chini ya bati lenye jua humpa maji ya moto, naye ataacha kunywa.

Wa kuku wa mayai, msikimbilie chokaa pekee mkiona ganda jembamba. Kuku anayehema sana anapoteza hewa ukaa kwenye damu, na ganda linahitaji kabonati inayotengenezwa kutokana na hewa hiyo. Ni kweli anakula kidogo, hivyo hata kalisi, madini ambayo chokaa huleta, inapungua. Lakini mkiongeza chokaa huku anaendelea kuhema, mtakuwa mmetibu nusu.

Chakula nacho ni moto. Joto la usagaji hupanda saa kadhaa baada ya kula, kwa hiyo anayelishwa saa nne asubuhi anafikisha kilele chake sambamba na jua. Lisha alfajiri, ondoa vyombo vya chakula muda wa kama masaa sita kabla ya joto kali, rudisha jua likishapoa. Aliyekwisha kulala chini, shingo imenyooka na upanga umegeuka rangi, mtoe nje kivulini penye upepo, mtumbukize miguu na kifua kwenye maji ya kawaida, kichwa kikiwa juu. Yasiwe ya barafu.